SOMO: Kuchomoa redio ya zamani ya gari bila zile funguo zake (vyuma maalumu vya kuitolea)

Wakuu, naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Wiki hii nimelieleza jambo hili mara nne, mara moja nikiwa msibani Nkuhungu.

Somo linahusu redio zenye matundu manne madogo usoni, mawili kila upande, kama za Ford na magari mengine ya Ulaya ya miaka ya 1990. Mwenye Toyota, hili si lako.

Vifaa: spoku mbili kuukuu za baiskeli, plaizi, tupa, spana namba 10.

1. Zima gari, fungua waya wa hasi wa betri.

2. Kunja kila spoku iwe kama herufi U. Upana upime kwenye matundu ya redio yako, ni kama sentimita 5. Ncha zipige tupa.

3. Ingiza U moja kila upande hadi isikike "tk".

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilidhani spoku zinavutwa kuja katikati, zikawa zinachomoka tu. Nikasema ni vumbi la Dodoma limekaza, nikaleta bisibisi na kuingiza pembeni kama anayefungua kopo la rangi. Ilikuwa Julai alfajiri, baridi kali, plastiki iliyochomwa na jua miaka ishirini imekauka kama kigae. Dashibodi ikapasuka hadi kwenye tundu la hewa. Kwa hiyo: tanua spoku KWA NJE, kila moja ielekee mlango wake, ndipo uvute taratibu. USIPIGE nyundo. USITUMIE bisibisi. Kama kuna baridi, acha gari lipate jua kwanza.

5. Ikitoka, chomoa antena na soketi. Shika plagi, si waya.

MASWALI

Kijana wa Kizota: Mkuu, sina spoku, bisibisi haiwezi?
— Soma namba 4.

Mzee wa IST: Mbona kwangu matundu siyaoni?
— Kwa sababu IST ni Toyota, na nimeshasema. Bandua fremu ya plastiki inayozunguka redio, nyuma yake utakuta bolti. Mara nyingi ni namba 10.

Dada wa Ilazo: Samahani kaka, kwa nini kutanua nje ndiyo inaachia? Ningedhani kinyume.
— Swali zuri dada, hata mimi nilidhani hivyo, na umeona yaliyonipata. Pembeni mwa redio kuna ulimi wa chuma wenye springi, umenasa kwenye fremu. Spoku inafanya kazi kama mtaimbo: mkono ukienda nje, ncha iliyo ndani inakuja upande wa redio na kuuvuta ulimi uachie. Ukikaza sana kwa vumbi, puliza kwa pampu ya baiskeli kwanza.

Msafiri wa Kondoa: Nimeirudisha, sasa inaandika CODE na haiimbi. Somo lako halikusema!
— Ni kweli, ila hukuniuliza kama unairudisha. Redio nyingi za aina hii zikikatiwa umeme hudai namba ya siri. Tafuta kwenye kitabu cha gari KABLA ya namba 1.

Mzee wa IST: Kumbe bolti zipo, asante. Nilikuwa naitoa kwa sababu inaishia FM 90.
— Mzee wangu, ungesema mapema! Hiyo ni redio ya Japani, zamani masafa yao yalikuwa yanaishia hapo, yetu yanafika 108. Kuna kiboksi kidogo cha kuongeza masafa, kinachomekwa kwenye waya wa antena. Ukiamua kubadili redio, ujue ya Toyota ina upana wa milimita 200, nyingi za dukani ni 178. Nunua na fremu ya kuziba pembeni.

Kijana wa Kizota: Mkuu, dashibodi imepasuka.
— Supagluu. Yangu inashikilia hadi leo.