Kuzalisha vifaranga vya sato bila kuwaharibu samaki wa ziwa

Vifaranga vya sato vinavyozalishwa kituoni ni vya kujaza mabwawa na vizimba vya kufugia. Tunaanza na hilo kwa sababu kila samaki wakiadimika mialoni, kuanzia Kirumba hadi Kayenze huku Mwanza, husikika wazo la kuzalisha vifaranga na kuwamwaga ziwani. Ziwa Victoria halikupungukiwa samaki kwa kukosa vifaranga. Furu, samaki wadogo wa asili, waliliwa na sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Ngege na mbiru, jamaa wa sato wa asili ya ziwa hili, walivuliwa kupita kiasi, kisha sato, naye mgeni wa miaka hiyohiyo, akawasukuma pembeni. Majitaka na mbolea vimeingia, gugumaji limeziba ghuba, na makokoro, nyavu za kukokota, yanakwangua viota kwenye kina kifupi. Kifaranga utakayemmwaga leo atakutana na hayo yote.

Kwa salmoni wa Marekani mjadala huu ni wa miaka mingi, maana kwenye mto Columbia vituo vilijengwa kufidia samaki waliopotezwa na mabwawa ya umeme. Utafiti wa Mto Hood, Oregon, uliochapishwa 2007 kuhusu steelhead, jamaa wa salmoni, ulionyesha kwamba uwezo wao wa kuzaa mtoni hushuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Samaki huzoea upesi maisha ya kulishwa.

Basi kazi yako kubwa ni wazazi. Chukua sato wa gramu 150 hadi 300 kutoka sehemu tofauti, si wote kutoka bwawa la jirani. Hakikisha mkia una michirizi ya wima iliyopangika. Asiye nayo, au mwenye michirizi hafifu iliyokatika, mweke kando, kwani sato huzaana na ngege na machotara wao huzaa pia.

Idadi ina hesabu yake. Zidisha madume kwa majike, kisha kwa 4, ugawe kwa jumla ya wazazi wote. Jibu ni idadi ya wazazi wanaohesabika kweli katika urithi. Madume 6 na majike 18 yanakupa 18 tu, na undugu katika kundi huongezeka karibu asilimia 2.8 kila kizazi. Madume 24 na majike 72 yanakupa 72, na ongezeko hushuka hadi asilimia 0.7. Hiyo ni ikiwa wote wanazaa sawasawa, jambo ambalo halitokei: dume mmoja mbabe huweza kuwazuia wenzake. Kwa hiyo badilisha madume kila baada ya mavuno machache, na usichague wazazi wapya kutoka kwa vifaranga vya jike mmoja, hata wakikua haraka kuliko wote.

Neti ya kuzalishia ya mita 3 kwa 2, yenye matundu ya milimita 1 hadi 2, hubeba wazazi 24: dume 1 kwa majike 3. Watenganishe madume na majike wiki mbili kabla. Isugue neti kwa brashi kila wiki; ikiziba kwa ukijani maji hayapiti, na alfajiri utawakuta wanahema juu ya maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 24 uzazi hupungua, usiwalaumu wazazi.

Vuna kila siku 10 hadi 14. Pitisha bomba chini ya neti, wasogeze kona moja, mshike jike juu ya beseni, mfungue taratibu mdomo, anamotunza mayai, na umtikise kidogo majini mayai yatoke. Mayai ya njano ni mapya, ya kahawia yenye vidoa vya macho yamekaribia kutotoka. Meupe yamekufa, yatoe mara moja, ukungu wake huambukiza mengine. Ukichelewa kuvuna, vifaranga wakubwa watawameza wadogo.

Kama unatumia dawa ya kugeuza jinsia ili vifaranga wawe madume, kipimo cha kawaida ni miligramu 60 za methiltestosteroni, homoni ya kiume, kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, kuanzia wanapoanza kula. Vaa glavu. Usidhani dawa inalinda ziwa: madume hao wana uwezo wa kuzalisha, na akitoroka mmoja anaweza kupanda majike wa huko.

Ndiyo maana bwawa lichimbwe juu ya alama ya mafuriko ya 2020, ziwa lilipopanda sana. Kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji funga vichungio viwili, cha nje cha milimita 5 na cha ndani cha milimita 1, uvisafishe kila siku maana kikiziba maji hupita juu ya ukingo na samaki nao. Wazazi waliochoka, wakubwa kuliko gramu 500, na vifaranga uliowakataa, wasirudishwe ziwani. Wazazi wauze sokoni wakiwa wamekufa. Vifaranga wachemshwe wawe chakula cha kuku.