Somo: Jinsi ya kutengeneza slaidi ya kwanza inayosomeka mpaka kiti cha nyuma

Habari zenu wakuu. Leo tuongelee slaidi moja tu, ile ya kwanza, maana naona watu wanahangaika sana na slaidi za ndani halafu hii ya mwanzo wanaijaza dakika za mwisho, kichwa, jina, logo, basi. Na hiyo ndiyo inayokaa ukutani muda mrefu kuliko zote. Si unajua semina zetu zilivyo, watu wanaanza kuingia saa tatu, mgeni rasmi bado yupo njiani, anasimama mtu wa kutambulisha meza kuu, anafuata mwenyekiti na itifaki yake, muda wote huo slaidi yako ipo pale juu inatazamwa na watu ambao hawana kingine cha kutazama. Kabla hujafungua mdomo imeshawaambia wakusikilize au watoe simu.

Kwa hiyo kazi yake ni kumfanya aliyekaa nyuma kabisa ajue mambo mawili, tunaongelea nini na linamhusu vipi yeye. Jina lako linafuata baada ya hapo. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Tuseme wewe ni afisa ugani, unaenda kuongea na viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na wakulima wa mahindi kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye nafaka, mada ambayo Dodoma na Manyara wanaijua kwa uchungu maana mwaka 2016 watu 20 walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye hiyo sumu. Slaidi utakayoikuta mara nyingi inasema hivi: "WASILISHO KUHUSU MADHARA YA SUMUKUVU KATIKA ZAO LA MAHINDI NA NJIA ZA KUKABILIANA NAYO KWA WAKULIMA WADOGO", herufi kubwa zote, chini jina, cheo, namba ya simu, barua pepe, tarehe, ukumbi, juu logo tatu, pembeni picha ya hindi iliyovutwa mpaka imepoteza umbo, na KARIBUNI SANA nyekundu inayozunguka. Sasa tuisafishe.

Hatua ya 1: Andika kichwa kwenye karatasi, PowerPoint usiifungue kwanza

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo kwa hiyo msiparuke. "Madhara ya sumukuvu" ni jina la mada tu, mtu akilisoma hajajua unamwambia nini. Andika kile ambacho ungependa aondoke nacho hata kama atalala muda wote uliobaki. Mimi ningeandika:

*Mahindi yasiyokauka yanafuga sumukuvu*

Maneno manne. Chini yake kwa herufi ndogo: *Namna ya kuyakausha, kuyapima na kuyatunza*. Mkulima akisoma hiyo ameshaanza kuwaza yale magunia aliyoyaacha nyumbani, na hapo umempata. Maneno kama "wasilisho kuhusu" futa, kila mtu anaona kwamba ni wasilisho.

Ila kichwa kikali kisiwe cha uongo. Usije ukaandika "Mifuko ya PICS inaondoa sumukuvu" (ile mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa), haiondoi, sumu ikishakuwepo kwenye punje kufungia hakuitoi, ile mifuko kazi yake ni kunyima fangasi na wadudu hewa ili tatizo lisiongezeke, tena kama mahindi yamekaushwa mpaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiahidi kisichokuwepo kwenye slaidi ya kwanza, yule mzee mwenye uzoefu wa ghala atakuumbua slaidi ya tatu.

Ukimaliza msomee mtu ambaye hahusiki na mada yako, jirani, mdogo wako, yeyote. Muulize unadhani nitaongelea nini. Akijibu sawasawa endelea, akisitasita rudi kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Weka saizi ya slaidi kabla hujagusa kitu

Nenda Design, kisha Slide Size. Toka PowerPoint 2013 slaidi mpya inakuja na umbo pana la 16:9, yaani sentimita 33.867 kwa 19.05. Tatizo ni projekta nyingi za kwenye kumbi za halmashauri na mashuleni bado ni zile za zamani za 4:3, zenye umbo linalokaribia mraba, ukirusha slaidi pana kule unapata mikanda myeusi juu na chini na robo nzima ya eneo la picha inapotea bure. Kwa hiyo piga simu ukumbini uulize, au omba wakutumie picha ya projekta uone modeli yake. Ikiwa ni 4:3 chagua Standard mapema. Ukibadilisha mwishoni itakuuliza Maximize au Ensure Fit, na chochote utakachochagua utakaa chini kupanga vitu upya.

Hatua ya 3: Herufi

Kichwa pointi 44 mpaka 54, maelezo ya chini yake 28, jina lako 20 au 24. Fonti moja inatosha. Usiandike kwa herufi kubwa zote, jicho linasoma neno kwa umbo lake pia, ukiweka kubwa zote maneno yote yanakuwa maboksi yanayofanana, na kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu kama *yanayohifadhiwa* ndiyo kabisa.

Kuna mtego mpya hapa. Programu za sasa za Microsoft 365 zinaanza na fonti ya Aptos badala ya Calibri, ukiipeleka kwenye kompyuta ya ukumbini yenye Office ya zamani haina hiyo fonti, inaweka nyingine yenyewe, mistari inavunjika na kichwa kinaangukia juu ya jina lako. Tumia Calibri au Verdana uwe na amani, au nenda File, Options, Save, weka tiki pale Embed fonts in the file.

Kipimo changu cha kusomeka ni rahisi: angalia ile slaidi ndogo kabisa upande wa kushoto wa PowerPoint. Kama kichwa unakisoma pale bila kusogeza uso basi hata wa nyuma atakisoma.

Hatua ya 4: Picha moja, na rangi zinazovumilia mwanga wa mchana

Picha iwe moja na iwe ya kweli. Kwa mada yetu ningepiga kwa simu mikono ya mkulima ameshika punje zenye ukungu wa kijani, karibu kabisa, punje zionekane, kuliko shamba zuri la mahindi la Marekani ulilolitoa intaneti. Mwombe ruhusa mwenye mikono. Picha ukitumiwa kwa WhatsApp mwambie akutumie kama dokumenti, maana ikija kama picha ya kawaida inabanwa, ukiitanua ukutani inakuwa ukungu mtupu. Upana usipungue pikseli 1920.

Ikishaingia bofya Picture Format, Crop, Aspect Ratio, chagua 16:9 au 4:3 kulingana na saizi yako, kisha itanue kwa kushika kona, usishike ubavuni, ubavuni ndiko picha inakovutika vibaya. Sasa maandishi juu ya picha hayasomeki mpaka uyatengenezee kitanda: Insert, Shapes, chora mstatili ufunike sehemu ya maandishi, ujaze rangi nyeusi, ondoa mstari wa pembeni, halafu Format Shape, Transparency weka kama asilimia 30. Mstatili uwe juu ya picha, maandishi meupe yawe juu ya mstatili.

Hiyo ni kwa ukumbi wenye mapazia. Projekta haina rangi nyeusi ndugu zangu, penye nyeusi yenyewe haitoi mwanga tu, kwa hiyo weusi mnaouona ni ukuta wenyewe pamoja na mwanga wa dirishani. Ukumbi wenye madirisha makubwa saa tano asubuhi, ile slaidi nyeusi ya kupendeza kwenye laptopu inakuwa kijivu na picha inafutika. Kama hujui ukumbi ukoje fanya kinyume: nyuma nyeupe, maandishi ya bluu iliyokolea au meusi, na picha ikae nusu ya kulia peke yake. Njano juu ya nyeupe, nyekundu juu ya kijani, hizo usiweke popote, kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani na wengi wao ni wanaume, kwa hiyo kwenye kikao chochote kikubwa hawakosekani.

Hatua ya 5: Jina, logo na vinginevyo

Mstari mmoja chini: jina, taasisi, mwezi na mwaka. Namba ya simu na barua pepe peleka slaidi ya mwisho, pale ndipo mtu anapoandika. Logo ya taasisi yako moja, kimo kisizidi sentimita 2.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ondoa mwendo wote kwenye slaidi hii, hakuna kuzunguka wala kudondoka. Fika mapema, bonyeza Windows na P uchague Duplicate au Extend, piga F5, kisha tembea mpaka kiti cha mwisho usome mwenyewe. Ukitaka watu wakuangalie wewe wakati wa salamu bonyeza B skrini inazima, ukibonyeza tena inarudi. Na beba nakala ya PDF kwenye flashi na nyingine kwenye simu.

Karibuni kwa maswali.

---

Swali: Shikamoo kaka, mimi nipo mwaka wa mwisho, chuoni wanataka kichwa cha utafiti kama kilivyosajiliwa, namba ya usajili, jina la supavaiza, vyote slaidi ya kwanza. Hiyo ya maneno manne haiwezekani kwangu.

Jibu: Marahaba. Weka vyote wanavyotaka, usibishane na jopo kwa mambo ya slaidi. Unachoweza kufanya ni kuvipa uzito tofauti. Kichwa shusha mpaka pointi 32 au 36, halafu vunja mistari kwa maana mwenyewe kwa Shift na Enter, usiiachie kompyuta ikate popote. Kwa mfano "Viwango vya sumukuvu katika mahindi" mstari wa kwanza, "yanayohifadhiwa na wakulima wadogo" wa pili, "wilayani Kiteto" wa tatu. Ule wa kwanza ukoleze. Namba ya usajili na supavaiza pointi 18 chini kabisa. Ile sentensi yako kali iweke slaidi ya pili peke yake, jopo litakuheshimu.

Swali: Mkuu bosi wetu anataka logo ya mfadhili, ya wizara, ya halmashauri na yetu, na anataka zote juu ziwe kubwa. Tufanyeje?

Jibu: Hilo wengi tunalo. Soma kwanza mkataba wa mfadhili, mara nyingi unasema logo ionekane, hausemi iwe juu. Zipange mstari mmoja chini, zote kimo sawa, juu ya mkanda mweupe ili zile zenye boksi jeupe zisionekane viraka. Halafu mtengenezee bosi slaidi mbili, ya kwake na hii, mpeleke azione ukutani siyo kwenye laptopu. Mwache achague. Akishikilia ya kwake basi ni yake, ila kichwa pigania kisipungue pointi 44.

Swali: Hao watu 20 wa mwaka 2016 kwa nini usiwaweke slaidi ya kwanza? Hapo kila mtu angeshtuka.

Jibu: Ndugu yangu, kama unaongea Dodoma au Manyara humo ukumbini anaweza kuwemo aliyezika. Kumweka mbele ya hiyo namba nusu saa nzima wakati mgeni rasmi anasubiriwa siyo haki. Iweke ndani, uiseme kwa mdomo wako, kwa heshima, halafu uendelee na cha kufanya.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, hatuna projekta, tunatumia tivii ya shule kwa HDMI, kila nikirusha pembeni panakatwa na jina halionekani lote.

Jibu: Mwalimu, hiyo ni tivii inatanua picha kidogo kuliko skrini yake, tatizo haliko kwenye slaidi. Chukua rimoti ingia kwenye saizi ya picha, LG wanaita Just Scan, Samsung utakuta Screen Fit au Fit to Screen, itakaa sawa. Kama rimoti imepotea, acha nafasi ya sentimita 2 pande zote bila maandishi. Na tivii nyingi ni 16:9 kwa hiyo hapo usitumie Standard.

Swali: Sina laptopu, natumia Canva kwenye simu. Nikishusha kama PowerPoint nikafungua stationery maandishi yanahama.

Jibu: Dada, ni zile fonti za Canva, kompyuta ya stationery haina. Ukiwa huna haja ya kuhariri tena shusha PDF, inakaa vilevile ulivyoipanga. Mle stationery ifungue, bonyeza Ctrl na L kama wana Adobe Reader, inajaa skrini nzima na unasogeza kurasa kwa mishale. Kama mwenye ukumbi analazimisha PowerPoint, shusha slaidi ya kwanza kama picha ya PNG uiingize yote nzima, ila soma mara mbili kabla maana herufi ikikosewa humo hairekebishiki pale ukumbini.