Kuipa boda sauti nzito bila kuamsha mtaa

Kijana akiingia bandani kwangu hapa Kisauni akaniambia, "Fundi, nataka piki yangu ilie," sishiki msumeno. Namuuliza kwanza: yataka kulia vipi? Niigizie. Basi hukohoa kidogo, kisha atoe sauti ya kooni, dum, dum, dum, kama ngoma kubwa isikikayo kutoka mtaa wa pili. Sijapata hata mmoja aliyeniigizia ule mlio wa bati kupasuka ambao ndio anaoupata akishatoboa sailensa. Wanachokitaka ni uzito, na uzito hupatikana kwa kuupa moshi nafasi na kuuvisha pamba. Kutoboa hakuleti uzito.

Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale. Dirisha la chumba chetu lilitazama kichochoro ambacho watu wawili wakipishana, mmoja hugeuza bega. Kuta za mawe na chokaa pande zote mbili, na sauti ikiingia mle haina pa kwenda, yapanda juu hadi ghorofani. Mamangu angali yuwaishi pale. Kwa hivyo kila sailensa ninayoifunga naipima kwa swali moja: hii ikipita chini ya dirisha la mama saa nane za usiku, itakuwaje?

Nilipoanza kazi sikujiuliza hivyo. Jirani aliniletea Boxer, nikaikata sailensa nyuma, nikang'oa vyumba vyote vya ndani, nikarudisha kifuniko. Ililia hadi barabara kuu. Wiki ya pili alirudi: plagi nyeupe kama chaki, piki haina nguvu ya kuondokea ikibeba abiria, na nyumbani ana mtoto mchanga anayeshtuka kila baba akirudi. Nilimnunulia sailensa nyingine kwa pesa zangu. Ninayoyaandika hapa nilianza kujifunza siku hiyo.

Tuanze na injini yenyewe. Boxer 150 ina silinda moja ya sentimita za ujazo 144.8, na ni ya mipigo minne, maana yake hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, valvu ya moshi hufunguka mara 25 kwa sekunde. Kila inapofunguka, moshi wenye shinikizo hutoka kwa kishindo, na ndani ya kishindo hicho mna sauti mbili zilizofungamana. Moja ni mdundo wa chini, wenye mawimbi marefu. Ya pili ni ukali, mawimbi mafupi yanayokwaruza sikio. Pamba ya sailensa hukamata mawimbi mafupi vizuri sana, lakini yale marefu hupita kana kwamba haipo, kwa sababu katika moshi wa moto wimbi la mdundo laweza kuwa na urefu wa mita kadhaa, na pamba yako ina unene wa vidole viwili. Siri yote iko hapo. Ukiweka bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba, ukali hufa na uzito hubaki. Ukiacha bomba wazi, vyote viwili hutoka, na sikio husikia ukali kwanza.

Sailensa ya kiwandani hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani ina vyumba viwili au vitatu vilivyotengwa kwa bati, na moshi huenda mbele, hurudi nyuma, halafu hutoka. Mawimbi hugongana na kupunguzana. Ni kazi nzuri, imepimwa na watu wenye vyombo, na ikiwa piki yako iko kimya nawe waridhika, iache.

Kabla ya kukata chochote, tafuta uvujaji. Piki nyingi zinazopiga kelele hapa Mombasa hazikutobolewa na mtu, zimeliwa na kutu. Petroli ikiungua hutoa maji pia, na boda ya safari fupi fupi, Kongowea hadi Nyali na kurudi, haipati joto la kutosha kuyakausha. Maji hulala chini ya sailensa usiku kucha, na nje kuna chumvi ya bahari. Washa injini ingali baridi, ziba tundu la nyuma kwa kitambaa chenye maji kwa sekunde mbili tatu, usikilize. Palipotoboka patafoka. Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio, hasa pale bomba linapokutana na kichwa cha silinda. Pana gasketi ya duara hapo, na ikichoka hutoa mlio wa tak-tak-tak ambao wengi hudhani ni valvu. Badilisha gasketi, kaza nati mbili kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Kuna wateja ambao kazi yao iliishia hapo, wakaenda zao.

Sasa, kama ungali wataka uzito, pima. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Haitakupa namba ya kupeleka mahakamani, lakini kwa kulinganisha kabla na baada yatosha kabisa, mradi upime kwa namna ile ile. Kipimo cha kimataifa cha piki iliyosimama huweka kipaza sauti nusu mita kutoka tundu la moshi, kwa pembe ya digrii 45, kimo sawa na tundu. Fanya hivyo hivyo. Piga alama ya chaki kwenye mkono wa resi ili uvute kiasi kile kile mara zote mbili. Andika namba ukutani. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio huhisi sauti imekuwa takriban maradufu, kwa hivyo usidharau tofauti ya 5.

Vua ekzosi nzima kutoka kwenye piki. Usichomelee ikiwa imefungwa. Cheche na tangi la petroli havikai pamoja, na umeme wa kuchomelea waweza kuua sidiai, kile kisanduku kinachoipa plagi cheche. Kama kuna kipande usichoweza kuvua, angalau toa waya hasi wa betri na uondoe tangi.

Mkebe, yaani mwili wa sailensa, mimi huuunda mpya kwa bati la milimita 1.5, kipenyo sentimita 9, urefu 30. Hiyo ni karibu lita 1.9, zaidi ya mara kumi ya ujazo wa silinda, na chini ya mara kumi mimi sishuki. Mkebe mdogo hukupa ukali hata uweke pamba ya namna gani. Wale vijana wanaoleta vimikebe vifupi kama chupa ya maji, mimi huwarudisha waende wakafikirie.

Bomba la ndani liwe na kipenyo cha ndani sawa na bomba linalotoka kwenye injini. Pima kwa kalipa, usikisie. Likiwa pana zaidi, moshi hupoteza kasi na piki huwa nzito kuondoka. Watu husema injini "yahitaji kuzuiwa moshi", lakini inachohitaji ni mwendo mzuri wa moshi, na mwendo huo huharibiwa na bomba pana kama vile na bomba lililoziba. Kwenye bomba lenye mzunguko wa sentimita 10 kwa nje na urefu wa 30 kama mkebe, chora mistari kumi ya urefu, kisha piga alama kila sentimita moja, uache sentimita moja kila mwisho. Ni matundu 290. Toboa yote kwa drili ya milimita 5. Ndiyo, 290, weka redio karibu. Umbali huo wa sentimita moja kati ya tundu na tundu huacha wazi kama moja ya tano ya eneo la bomba, na sauti hupata njia ya kuingia kwenye pamba. Ukitoboa thelathini kwa haraka, pamba hukaa bure. Kisha pitisha tupa ya duara ndani uondoe makali yote. Makali yakibaki, moshi hupiga mluzi ukivuta resi, na mluzi huo hauondoki ila kwa kufungua tena.

Pamba ndiyo watu wanayoharibu zaidi. Nimeshatoa ndani ya sailensa magunia, sponji ya godoro, na nyaya za kusugulia sufuria ambazo kwa kutu zilikuwa zimebaki unga mwekundu. Faibaglasi ya kutengenezea mashua, ile mikeka ya vinyuzi vifupi, nayo haifai: gundi yake huungua, na vinyuzi huruka nje kwa tundu la nyuma, machoni mwa anayekufuata. Na ukiletewa kamba nyeupe ya asbesto iliyotolewa kwenye mtambo wa zamani, isikaribie banda lako. Tumia pamba ya kioo ya nyuzi ndefu, ile iuzwayo kwa ajili ya sailensa. Zungushia kwanza bomba kwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, tabaka la sentimita moja, ndipo uweke pamba ya kioo juu yake. Kiasi: kama gramu 100 kwa kila lita ya nafasi iliyo kati ya bomba na mkebe. Kwa mkebe niliotaja ni gramu 170 hivi, upime kwa mizani ya dukani. Ukishindilia sana, pamba huwa kama ukuta na sauti huidunda. Ukilegeza, hupeperuka ndani ya mwezi. Vaa glavu na barakoa, mikono mirefu, na usijikune.

Kuchomelea bati jembamba kwataka subira. Shika kwa nukta nne kwanza, halafu choma vipande vya sentimita mbili, upande huu kisha upande wa pili, lipoe katikati. Vijiti vya milimita 2 vyafaa kuliko 2.5. Kama bati au bomba limepakwa zinki, saga zinki yote kabla, maana moshi wake hukupa homa usiku ule ule. Kifuniko cha nyuma usikichomelee moja kwa moja. Tengeneza pete na boliti ndogo sita, kwa sababu utahitaji kufungua. Chini kabisa ya mkebe, sehemu inayolala ikisimama kwa stendi, toboa kitundu cha milimita 3. Ni cha maji. Bila hicho, hapa pwani kazi yako haitafika mbali.

Kwenye tundu la nyuma mimi huongeza kizibo cha kuvua: kipande cha bomba jembamba chenye pete, kinachoshikwa kwa boliti moja ya spana namba kumi. Bomba la milimita 28 ukilitia kizibo cha 20, eneo la kutokea hupungua nusu na sauti hushuka sana. Mteja wangu mmoja wa Ganjoni hukitia jioni anaporudi nyumbani na kukitoa akienda Mtwapa. Mimi ningekiacha siku zote.

Elekeza tundu nyuma na chini kidogo, kamwe lisitazame mguu. Mama wa watu amekaa na buibui lake na mtoto mapajani, na ekzosi i karibu naye. Rudisha kinga ya joto, na ufunge mkebe kwa mpira, usiukaze chuma kwa chuma, kwa sababu ukipata moto hurefuka na kukata masikio yake. Paka rangi ya kustahimili moto. Rangi ya geti itabanduka siku ya kwanza.

Ukishafunga, endesha hadi Bamburi na kurudi, kisha toa plagi. Rangi ya mdalasini ni sawa. Nyeupe maana yake moshi unatoka kwa wepesi kuliko zamani na kabureta haijaongezewa petroli: panda jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kubwa namba moja, ujaribu tena. Ukiacha hivyo, valvu ya moshi huungua polepole, na bei ya valvu waijua. Nyeusi kavu, shuka. Ikipiga paf-paf ukifunga resi, rudi kwenye gasketi kabla ya kugusa kabureta, maana mara nyingi ni hewa inayoingia pale.

Kisha rudia kipimo cha simu na usome namba ya ukutani. Nataka iwe sawa na zamani au chini yake, na sauti iwe imeshuka kifuani. Ikiwa imepanda, sikupi piki. Sheria ya Trafiki yataka kila chombo kiwe na sailensa inayofanya kazi, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zimewapa NEMA, mamlaka ya mazingira, meno. Lakini hata kabla ya askari kuna hospitali kuu pale Tononoka, kuna misikiti, kuna watoto wa mtihani. Wewe umevaa kofia na upepo wakupita masikioni. Wao hawana kofia.

Baada ya wiki moja kaza boliti zote, zitakuwa zimelegea kwa joto. Halafu sikiliza. Siku utakayosikia ukali unarudi, kama bati linalokwaruzwa kwa mbali, pamba imekwisha. Fungua zile boliti sita, toa iliyoungua, pima gramu 170 nyingine.