Kukwepa Moshi Malindi kwa Kuufuata Upepo

Mwenye mtoto wa pumu Malindi na aanze kwa kuujua upepo, kwa kuwa ndio unaoamua moshi utamfikia kutoka wapi. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi kaskazi huvuma ikiwa kavu, na hatari kubwa huwa nje: vumbi, taka zinazochomwa na mashamba yanayosafishwa kwa moto. Ifikapo Aprili, masika huiosha hewa ya nje na kusi hushika zamu, lakini mvua hiyohiyo huwafanya watu waingize jiko ndani na kufunga madirisha. Wengi hulalamikia vumbi la Februari wakalisahau jiko la Mei, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye madhara zaidi.

Wakati wa kaskazi, jambo la kuangalia ni saa. Usiku ardhi hupoa, upepo wa bahari hulala, na umande, yaani upepo mwanana unaotoka bara, huweza kuuleta mjini moshi wa mashamba ya upande wa Ganda na Jilore, ukatanda chini chini mpaka jua lipande. Basi hewa ya alfajiri, ambayo kila mtu huisifu, katika miezi hii yaweza kuwa chafu kuliko ya adhuhuri. Ukiona moto umewashwa jioni, funga madirisha ya upande wa bara kabla ya kulala, uyafungue yote upepo wa bahari unapoanza kuingia. Ua unyunyizwe maji kabla ya kufagiliwa kwa chelewa. Anayechoma korosho ili azibangue afanye hivyo mbali na nyumba, upepo ukimpiga mgongoni, kwa sababu mafuta ya ganda yakishika moto hutoa moshi unaowasha macho na koo.

Masika yakianza, kazi yote huhamia jikoni. Jiko la mkaa liwashwe barazani, liachwe mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo liingizwe. Hata hivyo makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo lisilale chumbani na watu, hata kama nia ni kukausha nguo za mtoto ambazo zimekosa jua kwa siku kadhaa. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoke nje mara moja. Kuni zihifadhiwe mahali pakavu tangu Machi, kwa kuwa kuni mbichi hufuka zaidi ya kuwaka.

Ili kujua kama jiko lako linapumua, weka ubani kidogo kwenye chetezo, ukisimamishe chetezo pale jiko linapokaa, kisha utazame moshi unakoelekea. Ukizunguka chini ya mabati na kurudi kichwani mwako, dirisha peke yake halitoshi. Toboa matundu juu kabisa, karibu na paa. (Chetezo chenyewe kisikae kwenye chumba kilichofungwa alimolala mwenye pumu.) Anayejenga jiko la nje aliweke upande wa bara wa nyumba: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo zote mbili huupeleka moshi mbali na vyumba.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba chembechembe laini, zile zisizozidi maikromita 2.5, zisipite wastani wa maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo katika saa 24. Programu za simu huonyesha namba hizo, ila mara nyingi ni makadirio ya eneo zima wala hazijui chochote kuhusu jiko lako. Vifaa vya bei nafuu vya kupimia hewa navyo huhesabu matone ya unyevu kama vumbi, kwa hiyo namba ya juu asubuhi ya masika isiyo na harufu ya moshi usiiamini upesi.

Mtoto akishindwa kunyonya au kuzungumza, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, apelekwe hospitalini saa hiyohiyo.