SOMO: Kusafisha koili za friji (someni lote kabla ya kuuliza)

Assalaam alaykum.

Naandika hapa mara moja tu, ili nikiulizwa tena nielekeze kidole. Juzi kuna mtu kanisimamisha nje ya msikiti, viatu sijavaa bado: "Friji yangu inanguruma usiku kucha, haigandishi, na yuniti za TUKUZA (umeme wetu wa kulipia kabla) zinayeyuka. Nimwite fundi atie gesi?" Nikamuuliza, umewahi kuangalia nyuma yake? Hajawahi. Friji anayo tangu mwanawe wa mwisho hajazaliwa, na sasa mtoto yuko skuli.

Mie si fundi. Mke wangu anauza malai na barafu hapa Wete, Pemba, tuna friji moja na friza moja, na ninachokijua nimekijua kwa kuharibu.

Kwanza ijue friji yako. Koili ninazozisema ni ule wavu mweusi wa nyuma unaopata moto. Friji nyingi za zamani na zile za mtumba zinao. Ikiwa nyuma ni bapa tupu, gusa ubavuni: ukikuta pana joto, bomba zimefichwa ndani ya bati na huna cha kusafisha, iachie nafasi ya hewa tu. Zile kubwa zisizoganda barafu huwa na koili chini, karibu na mashine (kompresa, ile inayonguruma), pamoja na feni ndogo. Hizo unafungua kibao cha chini, cha mbele au cha nyuma.

Haya.

1. Chomoa plagi ukutani. Si kuzima swichi, chomoa.

2. Usitoe vyakula. Funga mlango na usiufungue. Kazi yote ni kama saa moja, na friji iliyofungwa inahifadhi baridi kwa muda wa saa 4 hivi.

3. Ivute mbele ikiwa wima. Usiilaze.

4. Panguza vumbi kavu kwanza. Tumia brashi ya rangi ya inchi 2, ile laini ya nywele, iliyo mpya au iliyooshwa vizuri. Anzia juu ushuke chini, ufuate bomba linavyokwenda. Ufagio wa chelewa haufai, unasukuma vumbi ndani badala ya kulitoa. Funga kitambaa puani, maana kinachotoka humo hakielezeki: vumbi, nyuzi za khanga, mbawa za mende, mayai ya mjusi.

5. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo hapa nitakaa.

Mwaka wa kwanza nilipanguza vumbi, nikaona bado kuna utando wa mafuta ya jikoni uliogandamana na bomba. Nikaenda kuchukua brashi ya waya, ile ya kutolea kutu kwenye geti. Nikasugua mpaka koili ikang'aa. Nikamwita na mke wangu aje aone kazi ya mume. Nilichokuwa nimekitoa, mbali na mafuta, ni rangi. Bomba zile ni za chuma chembamba, na ile rangi nyeusi ndiyo nguo yake. Nyumba yetu inatazama bahari. Kusi ilipoanza kuvuma kutu ikaota, kwanza madoadoa ya rangi ya chai, baadaye magamba. Ramadhani ikafika, friza imejaa malai ya ukwaju na ya ubuyu, asubuhi moja tukaamka yote yamekuwa maji. Tundu lilikuwa kama ncha ya sindano. Gesi yote imekwenda. Fundi alibadilisha wavu mzima, na bei yake sitaiandika kwa sababu mke wangu anasoma humu.

Kwa hivyo sikilizeni. Brashi ya waya hapana. Stili wuli hapana. Kisu hapana. Petroli na tina hapana kabisa, na sababu nyengine ya hilo ipo chini kwenye masuali. Mafuta yaliyoganda yanatoka kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukakikamua mpaka hakidondoshi. Baada ya hapo pitisha kitambaa chengine chenye maji matamu ili utoe sabuni na chumvi. Nimesema maji matamu. Kama kisima chenu kina ladha ya chumvi, nunua dumu la maji.

Na chumvi hii ndiyo watu hawaijui. Upepo wa pwani unaileta ndani hata kama nyumba yako haioni bahari. Ikikaa pamoja na vumbi inavuta unyevu wa hewani, kwa hivyo bomba linakuwa kama limefungwa kitambaa kibichi mchana na usiku. Wa bara anasafisha koili ili friji ipoe. Sisi tunasafisha ili isioze.

Ukikuta doa la kutu tayari, lifute kwa upole, likauke, kisha lipake rangi ya mafuta nyeusi, nyembamba. Usilikwangue. Huenda chuma chini yake kimeshakuwa chembamba.

6. Kausha kwa kitambaa, kisha iache kwenye hewa dakika 20. Sehemu ya mashine chini usiilowanishe, kuna nyaya pale.

7. Rudisha, lakini iache mbali na ukuta angalau sentimita 10, yaani upana wa kiganja na dole gumba. Usiweke sinia, mkeka uliokunjwa wala gunia la mchele nyuma yake. Juu pia, zile khanga zilizokunjwa ziondoeni.

8. Chomeka.

Mara ngapi? Kila miezi 3 kwa wanaokaa mbali na bahari. Mnaokaa ufukweni pangusa kila mwezi. Mie safisha kubwa naifanya Shaaban, kabla mashine haijaanza kubeba barafu ya mtaa mzima.

MASUALI

Bwana Haraka: Kwa hiyo nimwagie maji kwa mpira nyuma yake? Itatoka haraka.

Jawabu: Hapana. Soma hatua ya 5 na ya 6.

Bwana Haraka: Mpira wangu una presha nzuri lakini.

Jawabu: Ndiyo sababu nimesema hapana.

Bi Malai: Mwanangu, allah akulipe. Mie pia nauza, niko Mkoani. Friza yangu ni ile ya kulala, ya mfuniko juu. Nyuma bapa, ubavu wa moto. Kwa hivyo sina kazi ya kufanya?

Jawabu: Unayo bibi, ila ndogo. Ubavu ndio koili yako, basi usiegemeze kitu. Watu wengi wenye friza hizo huzisukuma pembeni kabisa, ukuta huku na kabati kule, joto halina pa kutokea. Angalia pia chini nyuma, pana matundu kama chekecheke ambapo mashine inapumua. Hapo pitisha brashi. Na malai usiyatie yote moto moto kutoka jikoni. Yapoe kwanza nje, uyatie kwa mafungu.

Bi Malai: Hilo la mafungu sikulijua. Nilikuwa natia ndoo nzima.

Kojani Boy: Mie nina suali la kijinga. Friji inatoa baridi, kwa nini nyuma yake iwe moto? Na vumbi linaingiaje hapo mpaka lizuie kuganda? Vumbi liko nje, samaki wako ndani.

Jawabu: Hili si la kijinga, na nasikitika wanaoliuliza ni wachache. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Ndani kuna gesi inayozunguka. Ikipita upande wa ndani inachemka na kugeuka mvuke kwenye ubaridi mkubwa, na kuchemka kunahitaji joto, basi inalichukua kutoka kwa samaki wako. Kompresa inaivuta, inaibana, ikibanwa inapata moto kuliko hewa ya chumbani. Ndipo inapopitishwa kwenye ule wavu wa nyuma itoe joto lake nje, igeuke kimiminika, ipite kijibomba chembamba sana na kuanza upya. Ukiweka mkono nyuma, joto unalolihisi ni lile lililotoka kwenye samaki, pamoja na la mashine yenyewe.

Wewe ni mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, utanifahamu kwa hili: friji ni mtu anayefua maji ngamani, yaani anayekumba maji yaliyoingia chini ya chombo. Koili ikivaa blanketi la vumbi, anafua maji lakini mengine yanamwagikia humo humo. Hapumziki, anachoka, na chombo hakikauki.

Kojani Boy: Sasa nimefahamu. Kwa hivyo nikiacha mlango wa friji wazi chumba hakitapoa?

Jawabu: Kitapata joto zaidi. Maji unayafua kutoka ngamani unayamwaga ngamani, na jasho lako juu yake.

Dada wa Fuoni: Friji yangu imebandikwa alama ya moto nyuma, pembetatu ya manjano, na imeandikwa R600a. Ni hatari?

Jawabu: Suali zuri sana dada. Hiyo ni gesi inayowaka, jamaa ya gesi ya kupikia. Ndani imo kidogo, makumi machache ya gramu tu, na ikiwa bomba zima haina neno. Ndiyo maana nimekataza petroli, na ndiyo maana usisugue mpaka utoboe. Ukihisi imevuja, fungua madirisha, usiwashe kibiriti. Na fundi akija na moto wa kuchomelea, muulize kwanza kama anaijua R600a. Akikwambia gesi zote sawa, mpe chai aende zake. Friji ya R134a, gesi ya aina nyengine, hairudishiwi R600a kwa kukisia, wala kinyume chake.

Mzee wa Chake: Zama za jenereta za Wesha, zilizotupa umeme hapa Pemba, umeme ulikuwa unakatika na kurudi kila mara, friji zikafa nyingi. Tangu waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ufike mwaka 2010 afadhali. Lakini hata leo ukirudi kwa kishindo naogopa. Nichomoe?

Jawabu: Chomoa ami, na usichomeke tena mpaka zipite dakika 5. Mashine ikizimika, mbano ndani unahitaji muda wa kutulia. Ukiilazimisha kuanza papo hapo inakwama na kuungua. Kile kifaa cha kuchelewesha umeme, kinachowaka taa nyekundu kisha kijani, kinafanya kazi hiyo bila wewe kuamka usiku.

Mpishi wa Urojo: Barafu imejaa kwenye friza, natumia kisu kuivunja, mpaka leo haijaharibika. Mnatutisha bure.

Jawabu: Na aliyevuka barabara amefumba macho hakugongwa siku hiyo. Ukuta wa friza una bomba ndani yake, mara nyingi la alumini, laini kuliko kisu chako. Zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani.

Mpishi wa Urojo: Nimeuliza tu.

Jawabu: Hukuuliza.

Shangazi Wete: Basi wewe usigombane na watu. Mie nina mbu ndani ya nyumba, nimefukia madimbwi yote, nimemwaga ndoo zote, bado wamo. Jirani kaniambia wanatoka kwenye friji. Nikamcheka.

Jawabu: Samahani shangazi. Usimcheke, huenda kasema kweli. Juu ya mashine, nyuma chini, kuna kibakuli cha plastiki kinachopokea maji ya barafu inayoyeyuka. Kawaida joto la mashine linayakausha, lakini kwenye unyevu wetu, hasa masika, yanabaki. Mbu wa dengi wanapenda maji masafi ya namna hiyo. Ukiivuta friji kusafisha koili, mwaga maji hayo, kisugue kibakuli kwa sabuni. Mayai yanagandana na ukingo, kumwaga peke yake hakutoshi.

Shangazi Wete: Nimevuta sasa hivi. Subhanallah. Viluwiluwi vinacheza.

Karafuu Kavu: Sisi mvua ikija ghafla msimu wa karafuu tunaziingiza ndani tunazianika ukumbini, karibu na friji kwa sababu pana joto. Lina ubaya?

Jawabu: Karafuu hazina ubaya kwa friji, ila vumbi lake na vijiti vya makonyo vinaingia kwenye wavu. Sogeza mkeka. Na ukifikiria, karafuu mbichi zinatoa unyevu mwingi, tena unauweka nyuma ya chuma.

Karafuu Kavu: Lakini nyumba inanukia.

Jawabu: Hapo sina la kusema.

Bwana Haraka: Nimemwagia maji, sasa ikiwashwa inakata umeme wa nyumba nzima. Nifanye nini?

Jawabu: Usiichomeke tena. Usiiguse ukiwa miguu mitupu. Ita fundi.