Hina ya Idd: jinsi ya kuifikisha kwenye damu ya mzee

Anayetaka mikono yake iwe imekolea hina asubuhi ya Idd hana budi kuanza kwa kuhesabu siku za mwezi, kwa sababu hina haitoi rangi yake yote siku inapobanduliwa. Alfajiri ya kubanduliwa huwa na rangi ya papai bivu, kesho yake huwa hudhurungi, na zikipita saa 48 hivi ndipo huifikia ile rangi nyekundu iliyozama ambayo sisi tunaiita damu ya mzee. Wengi hupaka usiku ule ule mwezi unapoandama, wakaenda kusali Idd na mikono ya rangi ya chungwa, na hina inapokuja kukolea sikukuu imeshakwisha. Kwa kuwa hakuna ajuaye mapema kama mfungo utakuwa wa siku 29 au 30, wakati unaofaa ni usiku wa kuamkia funga ya 29, baada ya tarawehe. Ukibandua alfajiri ya 29, na mwezi ukaandama jioni yake, hina itakuwa imepata siku moja nzima ya kukolea. Usipoandama, itakuwa imepata mbili, nayo itakuwa katika ubora wake. Kwa vyovyote hutaenda kusali Idd na mikono ya rangi ya chungwa.

Ucheleweshaji huu una sababu yake. Ndani ya majani ya mhina, ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis, mna rangi iitwayo lausoni, ambayo huingia katika tabaka la juu la ngozi na kushikamana na protini yake, kisha huendelea kuiva polepole kwa hewa. Viganja na nyayo hukolea kuliko mahali pengine kwa kuwa ngozi yake ni nene, na mikono ya juu hubaki hafifu hata ukiipaka usiku kucha. Hakuna njia ya mkato. Rangi inayokuwa nyeusi ndani ya saa moja si hina, bali ni piko au kitu kilichochanganywa na piko, na hapo naomba msomaji anivumilie niseme kwa urefu kidogo.

Najua kwamba weusi unapendwa. Lamu na Mombasa, na kwa jirani zetu wa Sudan na Omani, ua jekundu lililozungushiwa wino mweusi ni pambo la harusi ambalo macho hayalichoki. Lakini piko inayouzwa madukani ni rangi ya nywele, na kinachoipa weusi ni kemikali ifupishwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kemikali hiyo kwenye rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na hauruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Mdogo wangu alipoolewa alipelekwa saluni moja ambako tuliambiwa anachorwa kwa hina nyeusi. Siku ya tatu ya fungate mikono ilianza kumwasha, na kufikia siku ya tano yalikuwa yametoka malengelenge yaliyofuata mchoro jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, kana kwamba aliyechora alikuwa amechora kwa maji ya moto. Yalipopona, maua yalibaki mikononi kwa alama nyeupe kwa miezi kadhaa, na tangu hapo hawezi kutia rangi yoyote ya nywele yenye kemikali hiyo, kwa kuwa mwili ukishaikataa hauisahau. Kwa hiyo katika maelezo haya hamna piko.

Kununua poda ndiyo kazi inayotaka macho. Poda nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia kama ya majani makavu ya mlonge, na hunuka nyasi zilizokatwa. Ikiwa nyeusi, au ikinuka dawa, iache hapo hapo dukani. Ukifika nyumbani, koroga kijiko kidogo cha poda kwa maji ya uvuguvugu, weka tone nyuma ya mkono wako mwenyewe na ulifute baada ya nusu saa: likiacha doa la rangi ya chungwa, ni dalili nzuri, ingawa si uthibitisho kwamba poda ni salama; likiacha weusi, itupe. Wenye mhina uani wanaweza kuchuma majani, kuyaanika kivulini hadi yavunjike vidoleni, kuyatwanga kinuni na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi kilichovutwa mdomoni mwa bakuli, kama bibi zetu walivyofanya. Hata poda ya dukani nakushauri uichekeche tena, kwa sababu kijiti kimoja kidogo kuliko chembe ya mchanga kinatosha kuziba koni ya kuchorea katikati ya ua.

Kwa mikono na miguu ya watu watatu au wanne, gramu 50 za poda zinatosha. Asubuhi ya funga ya 28, kamua ndimu, chuja maji yake, na uyamimine kidogo kidogo kwenye poda huku ukikoroga kwa mwiko wa mti, mpaka upate kitu kizito kama ugali laini. Kifunike kwa nailoni iliyogusa hina yenyewe ili hewa isiingie, kisha kiache mahali penye joto la kawaida la nyumba. Uchachu wa ndimu huitoa rangi polepole, na kwa joto letu la pwani saa sita hadi nane zinatosha. Utajua imeiva kwa kuweka tone kiganjani kwa dakika tano. Likiacha alama ya chungwa iliyo wazi, endelea. Tia kijiko kimoja kikubwa cha sukari, ambayo huifanya hina ishike ngozi isipukutike, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mkaratusi, ambayo huikoleza rangi. Halafu ongeza maji ya ndimu kwa matone hadi hina ikichotwa kwa kijiko ianguke kama uzi usiokatika. Hapo usiwe na haraka, kwa kuwa hina iliyozidi maji hutambaa kwenye mistari ya ngozi na kuuharibu mchoro wote.

Wapo wanaotia mafuta ya taa au petroli wakidai kwamba hukoleza. Hayo yanaunguza ngozi na yasikaribie bakuli lako. Kwa mjamzito na kwa watoto, acha hata mafuta ya mkaratusi. Poda, ndimu na sukari vinawatosha. Mtoto mchanga asipakwe hina kabisa, wala mtu yeyote mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa lausoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu zake, na upungufu huo si jambo la nadra kwa watu wa sehemu zenye malaria.

Koni hutengenezwa kwa nailoni ngumu kidogo, ile ya kufungia maua. Kata kipande cha sentimita 15 kwa 20, kizungushe kiwe na ncha kali, kibane kwa utepe, jaza hina hadi theluthi mbili, kisha kunja juu na ufunge. Ncha ikatwe kidogo kabisa, tundu lisizidi kichwa cha pini.

Kabla hujakaa kuchorwa, fanya kila kitakachohitaji mikono: kula, kwenda msalani, kufunga nywele, kuvaa kanga au dera la mikono mifupi. Miguu ichorwe kwanza, kisha nyuma ya mikono, na viganja viwe vya mwisho. Mkono uwekwe juu ya mto ili usitetemeke. Mchoraji asiikwaruze ngozi kwa ncha ya koni. Aishike juu kidogo, aminye taratibu, na auache uzi wa hina ulale wenyewe pale anapotaka. Mwanafunzi aweke nailoni safi juu ya karatasi yenye mchoro, aufuate kwa koni, aifute na kurudia. Baada ya jioni tatu au nne kama hizo mkono huwa umeshatulia.

Kuhusu mchoro wenyewe, napenda ule wa kwetu: ua moja kubwa karibu na kifundo cha mkono, kikonyo kinachopanda kwa mshazari kuelekea kidole cha shahada, majani pande mbili, na ngozi ya kutosha iliyoachwa tupu katikati. Mtindo wa Kihindi wenye tausi na nukta ndogo zilizojaza mkono wote ni ufundi mkubwa, ila unahitaji mkono wa miaka mingi, na kwa anayeanza huishia kuwa doa moja. Wala usione haya kuchagua namna ya kale isiyo na ua lolote, yaani ncha za vidole na nyayo zilizopakwa zote. Bibi yangu alikuwa anatia donge la hina kiganjani, anafumba mkono, anafungwa vitambaa na kulala hivyo, na viganja vyake nilikuwa navitambua kwa mbali. Mnamo Desemba 2024 UNESCO iliiingiza hina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa ombi la nchi 16, Omani ikiwamo. Pwani yetu haikuwa miongoni mwa waombaji, na naamini tunayo haki ya kujiunga.

Mchoro ukianza kukauka, baada ya nusu saa hivi, ugusishe kwa pamba iliyochovywa katika maji ya ndimu na sukari. Gusa tu, usiloweshe. Ukikauka tena funika kwa karatasi laini na ufunge kitambaa, maana ujoto wa mwili husaidia rangi kuingia. Ukimaliza kuchorwa saa tatu na nusu usiku na kubandua saa kumi na nusu alfajiri, hina itakuwa imekaa saa saba. Daku utalishwa. Nilipokuwa mdogo hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote: tumekaa mkekani mikono imefungwa kama ya mabondia, na mama anapita na sahani moja, tonge kwa huyu, tonge kwa yule.

Hina ibanduliwe kabla ya kutawadha, kwa kuwa tope lililokauka juu ya ngozi huzuia maji kufika, ilhali rangi iliyobaki ndani ya ngozi haizuii kitu. Ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha jisugue kwa mafuta ya nazi mpaka mabaki yatoke. Siku hiyo ya kwanza tawadha kwa maji matupu ya baridi, epuka sabuni, na umwombe mwingine aoshe vyombo. Usishtuke kwa ile rangi ya papai. Kila baada ya swala paka mafuta kidogo, na kufikia magharibi utaona vidole vimeanza kugeuka.

Koni zilizobaki zifunge vizuri ncha na mdomo, ziweke kwenye mfuko usioingiza hewa, na uzigandishe kwenye friza siku hiyo hiyo. Zikiachwa nje siku mbili tatu kwa joto letu rangi huisha nguvu. Zikigandishwa hukaa miezi kadhaa, kwa hiyo za mwezi huu zitafika Mfunguo Tatu bila shida, na utazitoa asubuhi ya siku ya kuchora ziyeyuke taratibu kivulini.