Somo: Kuingia mashindano ya bao kwa mara ya kwanza, kwa waliozoea barzani

Asalaam alaykum wana bao. Kila mashindano ya mitaa yakikaribia, vijana huniuliza swali lile lile: "Maalim, barzani kwetu hakuna anayenifunga, niingie au nisiingie?" Ingia. Ila ujue kwamba barza na mashindano ni vitu viwili. Barzani ukitaka kukosea, yupo mtu nyuma yako atakohoa, atakugusa bega, au atasema wazi wazi "huko hapana, yakhe." Mashindanoni watu ni wale wale, wamesimama pale pale, lakini midomo imefungwa. Na aliyekaa mbele yako anataka utoke mapema.

Nazungumzia bao la kiswahili, si hus wala bao la kujifunza, ambayo ni michezo mingine ya bao. Kama kunamua, yaani sehemu ya kwanza ya mchezo ya kutia kete za mkononi moja moja, bado kunakupa tabu, rudi kwanza kwa mzee wa mtaani kwenu, kisha uje usome hapa.

HATUA YA 1: Jiandikishe na uulize sheria hapo hapo

Mashindano mengi ya kwetu, Unguja na Pemba, hayana makaratasi. Unamfuata aliyeyaandaa barzani kwao baada ya Alasiri, unatoa jina, basi. Usiondoke bila kuuliza. Ni mtoano wa mchezo mmoja, au mnacheza mitatu na mshindi ni wa miwili? Nani anaanza, na mchezo wa pili mnapokezana? Kete ukishaigusa imechezwa, au mpaka uiachie shimoni? Mwamuzi atakaa hapo hapo au ataitwa ukizuka ubishi?

Usione haya kuuliza. Sheria kubwa za bao ni zile zile kutoka Mkoani mpaka Nungwi, lakini kwenye pembe zake kila barza ina mazoea yake, na mazoea ya barza yenu hayana nguvu kwenye barza ya watu.

HATUA YA 2: Fundisha macho kuhesabu

Hapa ndipo watu wanapotolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wetu barzani tunahesabu kwa vidole. Tunapitisha mkono juu ya mashimo, moja, mbili, tatu, mpaka tujue kete ya mwisho itatua wapi. Mashindanoni mkono ule unakuuza. Mwenzako anautazama tu, keshajua unalopanga na shimo gani linakutia wasiwasi. Kuna mafundi hawaangalii bao kabisa wakati wa mwenzao kufikiri, wanaangalia vidole vyake.

Zoezi lake ni jepesi. Chukua komwe, zile mbegu tunazozitumia kama kete, tia kiasi chochote shimoni bila kuhesabu, tazama, taja idadi, kisha hesabu uone. Mbili, tatu, nne hazimshindi mtu. Tabu inaanza kwenye saba na nane: komwe ni za kijivu zote, zinateleza, zinapandana, na ile ya chini huioni. Ukiweza kutofautisha saba na nane kwa jicho moja, umeshawazidi nusu ya watakaokuja. Sipigi chuku.

Pia cheza mbele ya watu usiowajua. Kwa aliye mjini, Jaws Corner jioni panafaa sana: kahawa inapita, mtalii anapiga picha, watu wanabishana mpira pembeni, na wewe unatakiwa uwaze bao.

HATUA YA 3: Siku yenyewe

Kula mapema, sali, fika kabla ya muda. Simu uizime. Nenda na mtu mmoja wa kukuliwaza ukifungwa, usiende na mtaa mzima.

HATUA YA 4: Hesabu komwe kabla ya kuanza

Ni 64 zote, 32 kwa kila mtu. Nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwako safu ya mbele, inapata 6. Mashimo mawili yanayofuata kulia kwake yanapata 2 na 2. Mkononi zinabaki 22. Tazama na upande wa mwenzako kama uko sawa. Ubishi wa "mbona una kete nyingi" ukizuka katikati ya mchezo hauna mwamuzi wa kuumaliza.

HATUA YA 5: Kunamua

Anayeanza hana cha kula, yaani hana shimo la mwenzake linalotazamana na lake alichukue kete zake, kwa sababu kete zenu bado hazitazamani. Lazima atakate, yaani atembeze kete bila kula. Sasa angalia jambo hili kwa makini, bao likiwa mbele yako kama unalo.

Sema umetia kete kwenye shimo la pili kulia kwa nyumba. Zimekuwa tatu. Ukizitembeza kwenda kushoto, moja inaingia shimo lililo jirani, moja nyumbani, na ya mwisho inalala shimo la nne, kavu, peke yake. Shimo hilo linatazamana na nyumba ya mwenzako. Unajidanganya kwamba unaitishia nyumba yake. Zamu ni yake! Anatia kete moja nyumbani, anakula ile yako, anaipeleka kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, inalala kwa kuwa ni tupu. Nyumba yake sasa ina saba, umepoteza kete, na zamu yako ikirudi huna cha kula. Ungezitembeza zile tatu kwenda kulia zingezunguka hadi safu ya nyuma, na yeye asingepata kitu. Kwa mgeni wa mashindano nashauri kulia. Mafundi wana sababu zao za kwenda kushoto, waacheni nazo.

Mambo matatu yanawapoteza watu baada ya hapo. Kwanza, kula ni lazima. Kama ipo kete ya kula huruhusiwi kutakata, hata kama kula kwenyewe kunakuharibia. Fundi atakutegea kete moja makusudi ili uvurugike. Pili, ukila kwenye kichwa au kwenye kimbi, shimo lililo jirani na kichwa, lazima uanzie kutembeza kete ulizokula kichwa cha upande ule ule, hakuna kuchagua. Kwa pupa mtu anaanzia upande anaoupenda yeye, na mwenzake anamwita mwamuzi.

Tatu ni nyumba. Ukiwa unakula na kete ya mwisho ikatua nyumbani kwako, una hiari: ulale hapo, yaani zamu iishe, au usafiri, yaani uzichukue kete za nyumba uendelee kuzitembeza. Watazamaji wanapenda safari, mwili mzima unakuwasha usafiri, kete nyingi zile zikimwagika ni raha kuzisikia. Subiri. Hesabu kwanza zitaishia wapi. Ukisafiri zikalala mahali pabaya, nyumba umeivunja na hairudi. Kwa rai yangu, anayeingia mara ya kwanza aikalie nyumba mpaka aone safari inayomletea ulaji mkubwa. Lakini usiikalie mpaka ikaliwa, maana aliyeliwa nyumba yenye kete kumi na kitu mara nyingi hufungwa zikiwa bado mkononi.

HATUA YA 6: Mtaji

Kete za mkononi zikiisha, mnacheza zilizomo baoni tu. Shimo lenye kete moja haliwezi kuanza. Shimo lenye 16 na zaidi haliwezi kuanza kula. Unafungwa safu yako ya mbele ikiwa tupu, au ukiwa huna shimo lenye kete mbili au zaidi. Kwa hiyo usizirundike zote nyuma kwa woga, maana nyuma haliwi mtu lakini mbele ndiko kunakokufunga.

Mtaji ni polepole zaidi. Kabla hujagusa, jiulize swali moja tu: nikimaliza, yeye atakula wapi? Ukilijibu hilo kila zamu, utafika mbali kuliko anayetafuta ulaji wa kupigiwa makofi.

HATUA YA 7: Mchezo ukiisha

Mpe mkono mwenzako na umwambie mwamuzi matokeo wewe mwenyewe. Ukishinda usiondoke, kakae utazame atakayekutana na wewe raundi ijayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Konde: Maalim, kutakasia huko mashindanoni kupo? Kwetu wengine wanakataa.

Jibu: Ipo, na ni sheria ya mtaji. Sema mimi nimetakata, wewe huna pa kula, na shimo lako moja tu la mbele ndilo ninaloweza kulila zamu ijayo. Basi nimekutakasia, shimo hilo huwezi kulitumia kutakata, utafute jengine. Halitakasiwi ikiwa shimo hilo ni nyumba, au ndilo pekee lenye kete mbele, au ndilo pekee mbele lenye zaidi ya moja. Waulize waandaaji mapema, kwa sababu kwenye neno hili nimeona watu wazima wakinuniana.

Bint Mkunazini: Mie nacheza na kaka zangu nyumbani na nawafunga. Wanawake tunaandikishwa?

Jibu: Dada yangu, sheria ya bao haina neno juu ya mwanamme wala mwanamke. Kinachokatiza ni mahali, kwa kuwa barza nyingi ni za wanaume. Muulize mwandaaji kabla, na umuombe mchezo wako uwekwe mapema, si usiku. Na kama mko wengi, andaeni yenu. Mabao manne na mkeka yanatosha kuanza.

Abuu Mwanakwerekwe: Kuna mashindano wametangaza kiingilio, na pesa za kiingilio ndizo zawadi ya mshindi. Hii si kamari?

Jibu: Ami, mimi mwalimu wa bao, fatwa waachie masheikh. Nitakwambia ninavyofanya mimi: pesa za wachezaji zikikusanywa akapewa mmoja wao, siingii, wala simshauri mtu aingie. Zawadi ikitoka kwa mfadhili ambaye hachezi, kwangu sawa. Yapo mashindano ambayo zawadi ni bao lenyewe, na hayo ndiyo nayapenda zaidi.

Mzee wa turufu: Mimi nimetoka kwenye poka ya simuni, najua kusoma uso wa mtu. Itanisaidia?

Jibu: Kidogo. Poka mnayocheza wengi simuni, kila mtu ana karata mbili za siri mkononi, na tano zinafunguliwa mezani kwa wote. Zile mbili ndizo zinazofanya uso uwe na thamani, na mtu anaweza kuwa na takataka akatishia mpaka wenzake wakaziacha. Baoni kete zote ziko wazi, huwezi kunitisha kwa kitu ambacho nakiona. Hata za mkononi najua ngapi umebakisha, kwa kuwa tunatia moja moja kwa zamu. Utakachokipata kwenye uso ni kimoja: mtu akishaona mtego wako huacha kuongea. Subira ya poka njoo nayo, ya kukaa muda mrefu bila kufanya ujinga. Vitisho viache huko.

Mtoto wa Paje: Kete zikizunguka hazilali itakuwaje?

Jibu: Ni nadra sana, lakini hutokea. Usiendelee mpaka mkono ukuume. Simamisha, mwite mwamuzi, na mwenzako ashuhudie mashimo yalivyo. Wengine wanaufuta mchezo, wengine wanakataza hatua hiyo tangu mwanzo. Hilo nalo liulize siku ya kujiandikisha.

Kijana wa Konde: Na nikitaka kwenda na komwe zangu mwenyewe?

Jibu: Huendi nazo. Mtachezea za waandaaji, na huenda zikawa kubwa au ndogo kuliko unazozijua. Ndiyo maana nimesema ufike mapema. Waombe dakika tano uzishike.